Betri ya Lithiamu Haitaki Chaja ya Zamani

Katika muda wa miaka michache tu betri za lithiamu zimeingia nchini mwetu kwa wingi kuliko wengi wetu tulivyotazamia. Zimo ndani ya simu na taa za mkononi, zimo ndani ya pikipiki za umeme, na sasa twaziona zikishika mahali pa zile betri nzito za risasi na asidi katika nyumba ambazo waya wa gridi haujafika. Waya huo umekwisha kufika katika vijiji karibu vyote vya Tanzania Bara, nasi twalifurahia jambo hilo. Lakini kufika kijijini si kufika katika kila nyumba. Katika visiwa vya Ziwa Viktoria, katika kambi za wavuvi, katika mashamba yaliyo mbali na barabara na katika maboma ya wafugaji, mwananchi angali akijitafutia umeme kwa paneli yake mwenyewe na betri yake mwenyewe. Leo twataka kusema na mwananchi huyo, na zaidi twataka kusema na fundi wake.

Betri aghalabu ndiyo kitu ghali kupita vyote katika mtambo mdogo wa jua. Mwenye kuinunua hulipa kwa mauzo ya mazao ya msimu mzima, au kwa mkopo wa chama cha akiba ambao atakatwa mshaharani mwezi baada ya mwezi. Betri ikimfia katika mwezi wa nne, deni hubaki hai.

Mtazame mvuvi wa dagaa. Kwa miaka mingi wavuvi wa Ziwa Viktoria waliwavuta dagaa usiku wa giza kwa taa za karabai, wakiunguza mafuta ya taa na kuvuta moshi wake. Leo wengi wameziacha karabai, wameshika taa za LED zenye betri, na mabadiliko hayo ni mema kwa mapafu na kwa mfuko pia. Lakini dagaa hawangoji. Mvuvi ambaye taa yake hufifia saa sita za usiku, naye yu katikati ya ziwa, amekwisha kuupoteza usiku huo, na usiku wa giza katika mwezi una idadi yake. Ukimwuliza atakuambia kwamba hizi betri za lithiamu ni uongo wa madukani. Sisi hatukubali moja kwa moja. Uongo wa madukani upo, nasi tutausema. Lakini mara nyingi betri haikuwa na kosa, ila ililishwa chakula kisicho chake.

Kwanza yafaa tuelewane juu ya jina lenyewe. "Lithiamu" si jina la betri moja, kama vile "nafaka" si jina la chakula kimoja. Betri ya kwanza ya ayoni za lithiamu kuuzwa madukani ilitolewa na kampuni ya Sony ya Japani mwaka 1991, na wataalamu watatu waliotangulia katika kazi hiyo, John Goodenough, Stanley Whittingham na Akira Yoshino, walipewa Tuzo ya Nobel ya kemia mwaka 2019. Betri hiyo ya kwanza ilitumia kobalti. Sehemu kubwa sana ya kobalti ya dunia, tuseme kwa kupita, huchimbwa kwa ndugu zetu wa Kongo, katika nchi ya Kolwezi na Likasi ambako Kiswahili ndicho lugha ya sokoni, na wengi wa wachimbao kwa mikono hawajapata kuonja faida ya kazi hiyo. Jamii hii ya kobalti na nikeli ndiyo iliyomo ndani ya kompyuta mpakato, na ndiyo ijazayo zile seli za mviringo zifananazo na betri za tochi.

Jamii ya pili ni ya chuma na fosfati. Goodenough huyo huyo na wenzake katika Chuo Kikuu cha Texas ndio walioitangaza mwaka 1997. Haina kobalti wala nikeli. Chuma twakijua, kiko Liganga. Fosfati twaijua, mkulima huinunua ya Minjingu kwa jina la mbolea. Ila betri yenyewe bado twaiagiza kutoka China. Seli za jamii hii huchukua umeme kidogo kuliko zile za kobalti kwa uzito ule ule, na kwa chombo cha kutembea hilo ni kasoro. Kwa nyumba si kitu, maana nyumba haitembei. Badala yake hustahimili joto zaidi, si rahisi kushika moto kama zile, na huweza kujazwa na kutumiwa mara 2,000, mara 3,000, hata zaidi, hali betri ya risasi ya kawaida ikitumiwa hadi nusu kila siku huchoka baada ya mara mia kadhaa. Kwa umeme wa nyumbani twasema pasipo kusitasita: chagua ya chuma na fosfati.

Sasa tuje kwenye hesabu, na hesabu hii kila fundi yampasa kuijua kama ajuavyo jina lake. Seli moja ya chuma na fosfati ina volti 3.2 kwa kawaida, na inapojazwa haipasi kupita volti 3.65. Seli ya kobalti au nikeli ina volti 3.6 au 3.7, na mpaka wake ni volti 4.2. Mtambo mdogo wa jua wa kijijini ni wa volti 12, na kidhibiti chaji kilichotengenezwa kwa betri ya risasi huipandisha betri hadi kama volti 14.4. Ukifunga seli nne za chuma na fosfati kwa mfuatano, kila moja itapata volti 3.6. Imo ndani ya mpaka, ingawa kwa kubana. Lakini fundi mwingine huchukua seli za kompyuta mbovu, akafunga tatu kwa mfuatano, akapima akaona volti 11 na ushei, akaridhika kwamba amepata betri ya volti 12. Kisha akaiunga kwenye kidhibiti kile kile. Gawanya 14.4 kwa 3: kila seli yapelekewa volti 4.8. Hapo hapana tena suala la betri kudumu au kutodumu. Hapo pana moto.

Tutaambiwa kwamba ndani ya betri huwamo kibao cha ulinzi, kile mafundi wakiitacho BMS, ambacho hukata umeme seli inapofika mpakani. Ni kweli, na betri isiyo na kibao hicho isiingie nyumbani mwa mtu. Lakini kibao kimewekwa kwa ajili ya siku ile chaja inapoharibika. Hakikuwekwa kufanya kazi ya chaja kila siku adhuhuri. Kikitumikishwa hivyo, siku moja kitashindwa, na hakuna atakayejua kimeshindwa mpaka moshi uonekane.

Moto wa seli hizi si moto wa kuni. Seli ikijazwa kupita kiasi, au ikipondwa, au ikipata joto kali, vilivyomo ndani yake huanza kuunguzana vyenyewe. Joto huzaa joto, na seli moja huiwasha jirani yake. Kimiminika kilichomo ni cha aina iwakayo, na moshi wake una sumu. Katika mji wa New York, mwaka 2023 peke yake, watu 18 walikufa kwa moto uliotokana na betri za lithiamu, nyingi zikiwa za baiskeli za umeme kama wazitumiazo wafanyakazi wapelekao chakula majumbani mwa watu. Wala si wanyonge peke yao wapatwao na jambo hili. Mwezi Januari 2013 ndege zote za aina ya Boeing 787 zilizuiwa kuruka duniani kwa sababu ya betri za lithiamu zilizoharibika na kutoa moshi katika ndege mbili. Ikiwa mafundi wa ndege walipatikana, fundi wetu wa kijijini asione haya kujihadhari.

Mwenye kutaka kununua na aanze na mahitaji yake, asianze na duka. Tuseme nyumba ina taa 3 za wati 5 kila moja, ziwakazo saa 5: hizo ni wati-saa 75. Redio ya wati 5 kwa saa 6 ni 30. Simu mbili ni kama 30. Televisheni ndogo ya wati 20 kwa saa 3 ni 60. Jumla ni 195, tuite 200 kwa siku. Masika yajapo na wingu likafunika, yafaa pawepo akiba ya siku ya pili, basi tuseme 400. Betri ya chuma na fosfati ni vema isitumiwe kupita asilimia 80 ya uwezo wake, kwa hiyo twahitaji 500. Zidisha volti 12.8 kwa ampea-saa 40, utapata 512; hiyo yatosha. Kwa betri ya risasi, ambayo haipendi kushushwa chini ya nusu, nyumba ile ile ingetaka kama ampea-saa 70. Na muuzaji ashikiliaye kwamba nyumba hiyo yataka betri ya ampea-saa 200, huyo anauza, hashauri. Paneli ya wati 100 huipa betri hiyo ya 40 kama ampea 6 au 7 jua likiwa kali, nao ni mwendo wa upole. Seli nyingi hupenda kujazwa kwa ampea zisizozidi nusu ya ampea-saa zake.

Tulisema tutautaja uongo wa madukani. Seli ya mviringo yenye upana wa milimita 18 na urefu wa milimita 65, ambayo mafundi huijua kwa namba 18650, ikiwa nzuri huchukua miliampea-saa 2,500 mpaka 3,500, na zilizo bora kabisa hukaribia 4,000. Lakini ziko mezani, na karatasi yake yang'aa, zilizoandikwa 9,900. Hakuna kiwanda duniani kilichoweza kuitia nguvu kiasi hicho katika kifuko kile. Iweke kwenye mizani ya sonara: seli ya kweli ina uzito wa gramu 45 au karibu na hapo, ukiona 30, jua umeuziwa bati. Njia hiyo ya mizani yafaa hata kwa betri kubwa. Betri ya chuma na fosfati ya volti 12.8 na ampea-saa 100 ina kilo kama 10 au zaidi, wakati ya risasi ya kadiri hiyo hukaribia kilo 30. Ukipewa ya "100" yenye kilo 5, mrudishie mwenyewe kwa heshima, hata kama ameandika kwa herufi za dhahabu.

Seli kubwa za pande nne ziuzwazo moja moja nazo zataka jicho. Nyingine zimekwisha kutumika kwingineko, zikavuliwa, zikavishwa plastiki mpya. Tazama vichwa vyake: kama vimekwanguliwa, au vina alama za kulehemewa zamani, si mpya. Tazama msimbo uliochapwa juu: kama umefutwa au umebandikwa mwingine juu yake, uliza sababu. Ukiona imevimba ubavuni, hapana haja ya kuuliza. Kisha zipime zote kwa mita; za kundi moja zikae karibu karibu sana kwa volti. Wala usichanganye nzee na mpya katika mfuatano mmoja, maana dhaifu ndiyo itakayojaa kwanza na ndiyo itakayoisha kwanza, na zote zitakwenda kwa mwendo wake.

Hatuwakatazi vijana wafumuao betri za kompyuta mbovu wakapata seli nzima ndani yake. Ni kazi ya akili, nayo huokoa kitu ambacho kingetupwa. Twataka tu waifanye kwa kanuni. Seli iliyokutwa na volti chini ya 2 isifufuliwe. Shaba iliyomo ndani yake huenda imekwisha kuyeyuka, na ikijazwa tena hujengeka mahali isipotakiwa, ikaunganisha chanya na hasi kwa ndani. Seli ipatayo joto mkononi wakati wa kujazwa taratibu, iwekwe kando. Ile iliyojaa ikaachwa juma mbili au tatu ikashuka yenyewe, nayo iwekwe kando. Na betri itokanayo na seli hizo ijazwe kwa chaja ya volti 4.2 kwa kila seli, yaani 12.6 kwa tatu, mbele ya macho ya mtu aliye macho, wala si usiku chini ya kitanda.

Tuirudie chaja, maana ndipo penye ugonjwa. Kidhibiti kizuri huwa na mahali pa kuchagua aina ya betri. Kwa seli nne za chuma na fosfati sisi twashauri mpaka wa volti 14.0 au 14.2, si 14.6 kama wengine waandikavyo. Utakosa sehemu ndogo tu ya ujazo, na seli zitakushukuru kwa kudumu. Baada ya kujaa, betri ya risasi hupenda kushikiliwa juu siku nzima. Hii haitaki, basi pashushwe mpaka 13.5 au chini yake. Kisha liko jambo moja ambalo wengi hulisahau. Vidhibiti vya risasi huwa na desturi ya kuipandisha betri kila baada ya muda hadi volti 14.8 au 15 na zaidi, kwa nia ya kusawazisha seli na kuchemsha asidi. Kwa risasi hiyo ni dawa. Kwa lithiamu ni sumu, na sharti izimwe. Chaja za ukutani zenye mapigo ya kufufua betri za gari zilizokufa nazo zisikaribie. Kama kidhibiti chako hakina mahali pa kuyabadili haya, kinunue kingine. Bei yake ni ndogo kwa bei ya betri.

Fundi aliyezoea risasi atadanganywa na mita yake pia. Yeye huona 12.6 akasema imejaa, huona 12.0 akasema nusu imekwenda. Betri ya chuma na fosfati hukaa karibu na volti 13.2 muda mrefu, tangu ikiwa imejaa kwa sehemu nne katika tano mpaka iwe imeshuka sana, kisha huporomoka ghafula. Mvuvi wetu, aliyeona 13.1 pwani akadhani ana usiku mzima mbele yake, hapo ndipo aliponaswa. Dawa ni kipimo kinachohesabu ampea ziingiazo na zitokazo. Kikikosekana, ni kuijaza mpaka kidhibiti chenyewe kionyeshe imejaa kabla ya kila safari.

Katika kufunga, betri huunganishwa kwenye kidhibiti kwanza, paneli baadaye. Katika kufungua, paneli hutolewa kwanza. Fyuzi ikae karibu kabisa na kichwa cha chanya, kwa kuwa seli hizi zikigusanishwa hutoa mamia ya ampea kwa dakika ile ile, nao waya mwembamba huwa mwekundu kabla mtu hajapata kusema neno. Inveta ya wati 300 hunyonya kama ampea 26 kutoka betri ya volti 12. Waya wa taa hauwezi mzigo huo. Spana ya fundi ivishwe utepe wa umeme mpaka karibu na mdomo, na pete ivuliwe kidoleni.

Mahali pa kuiweka pataka fikira. Chini ya bati lisilo na dari, adhuhuri ya Dodoma au Shinyanga, ni tanuri. Betri itazeeka upesi. Chumba cha kulala si mahali pake, wala karibu na mlango wa pekee wa nyumba si mahali pake, maana moto ukizuka hapo wenyeji hawana pa kutokea. Baraza lenye kivuli, sanduku la chuma lenye matundu, juu ya sakafu ya saruji: hapo pafaa. Kwa mvuvi, sanduku lisiloingiza maji. Ndugu zetu wa Kitulo na Makete, ambako jalidi huanguka mwezi wa Juni na Julai, nao wana onyo lao peke yao: lithiamu isijazwe ikiwa baridi yake imeshuka hadi sifuri ya sentigredi, kwani madini hujitandaza ndani ya seli yakaiharibu. Waiweke ndani ya nyumba, wangoje jua lipande. Na ikitokea bahati mbaya moto ukawaka, watu watoke kwanza, moshi usivutwe, kisha ni maji mengi mno ya kupoza, kutoka mbali, baada ya kuhakikisha kwamba hapana waya wa umeme wa inveta unaofanya kazi. Blanketi halisaidii.

Wauzaji nao tuna neno nao. Kila betri iandikwe kwa Kiswahili, kwa wino usiofutika, ni ya jamii gani, ina seli ngapi kwa mfuatano, na volti ya juu kabisa ya kuijaza. Ni maneno yasiyozidi mstari mmoja. Twaona ingefaa Shirika la Viwango lilifanye jambo hili kuwa sharti, maana leo mzigo wote wa kujua umewekwa juu ya yule aliye na nafasi ndogo kuliko wote ya kujua.

Limebaki jambo la betri ya zamani iliyoondolewa. Wenye kununua risasi kuukuu hupita vijijini, na bei yao si mbaya, lakini isipasuliwe nyuma ya nyumba kwa kutafuta madini. Watu wa Owino Uhuru, mtaa wa Mombasa, waliyajua hayo kwa miili yao: kiwanda cha kuyeyusha betri kuukuu kiliwatia sumu ya risasi, watoto kwa wakubwa, mpaka kilipofungwa mwaka 2014, na Phyllis Omido aliyewapigania alipewa Tuzo ya Goldman mwaka 2015. Nazo seli za lithiamu zilizokufa zifungwe vichwa kwa utepe, ziwekwe katika debe lenye mchanga mkavu nje ya nyumba, mbali na jaa linalochomwa moto, mpaka apatikane wa kuzichukua.